Mtaalamu wa Dawa Asiye na Dawa

Ukitaka kuheshimika kwenu, kasomee uhasibu. Kasomee sheria, ualimu, hata ufundi wa magari. Mhasibu akirudi likizo anapewa daftari la michango ya harusi, anajumlisha, anatangaza upungufu wa laki tatu, watu wanaguna na kumwekea paja la kuku. Mwanasheria anapelekwa kwenye mgogoro wa mpaka wa shamba, anatamka "tutakata rufaa", wazee wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi naulizwa kidonge gani kizuri cha kichwa, najibu, "Inategemea," na kuanzia hapo hakuna anayenisogezea hata bakuli la mchuzi.

Nilipomaliza shahada ya kwanza ya famasia, ukoo mzima ulishajua kinachofuata. Mjomba alikuwa ametafuta fremu pale stendi, akaipima mwenyewe kwa hatua, akaamua rafu zikae wapi na feni ining'inie wapi. Jina la duka lilishapitishwa kikaoni. Ndipo nikatangaza kwamba nimepata nafasi ya kusoma uzamili wa famakolojia.

"Si dawa hizohizo ulizomaliza kusoma?" akauliza mjomba.

Nikamweleza taratibu. Mfamasia anashughulika na dawa itengenezwe vipi, itunzwe vipi, imfikie mgonjwa ikiwa salama. Sisi tunachunguza dawa ikishamezwa inaufanya nini mwili, na mwili nao unaifanya nini dawa. Mjomba alisikiliza hadi mwisho bila kunikatisha, kisha akauliza, "Na dukani atakaa nani?"

Fremu ile sasa ni ya kinyozi.

Chuo ninachosoma ni chuo kikuu cha umma, tena cha utafiti. Jina lake nalihifadhi kwa sababu tasnifu yangu bado iko mezani kwa wenye maamuzi. Cha umma maana yake kila huduma ina foleni. Cha utafiti maana yake majibu yatakuja baadaye. Ukiviunganisha hivyo viwili unapata mwanafunzi wa uzamili aliyesimama nje ya mlango, mkononi ana fomu inayosubiri saini ya mtu aliyesafiri kwenda kwenye mkutano.

Kiumbe mwenye hadhi kuliko wote hapa chuoni ni friza. Linakaa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, lina chumba chake, kufuli lake na jenereta lake. Umeme ukikatika bweni lote linazama gizani, tunapapasa ngazi, maji hayapandi, lakini friza linanguruma kwa raha zake. Ndani yake mna sampuli za miradi iliyokwisha zamani, ambazo hakuna mwenye ujasiri wa kuzitupa kwa sababu aliyeandika lebo alistaafu na mwandiko wake hausomeki.

Wanaofuata kwa hadhi ni panya weupe. Usidhani unamchukua tu panya ukamnywesha kitu. Unaiandikia kamati ya maadili: kwa nini panya, kwa nini idadi hiyo na si pungufu, maumivu utayapunguzaje, na siku ya mwisho wake itakuwaje. Utaratibu huo umetokana na Waingereza wawili, Russell na Burch, walioandika mwaka 1959 kwamba mtafiti akiweza kumwacha mnyama amwache, asipoweza apunguze idadi, na hao wachache wasiteswe bila sababu. Mimi naunga mkono kwa mikono miwili. Ninachouliza ni kidogo tu. Panya wana mwanga saa 12 na giza saa 12, joto la chumba chao linaandikwa kila siku kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, na asiyekula anatolewa taarifa. Mimi jana nimelala saa ngapi? Nimekula nini? Karatasi yangu iko mlango gani?

Halafu kuna utumbo wa sungura.

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linalonirudisha maabara kila wiki, na ndilo linalonizeesha. Wanafunzi wa uzamili ndio tunaosimamia mazoezi ya maabara ya wadogo zetu wa shahada ya kwanza, kazi ambayo malipo yake yanaitwa uzoefu. Unachukua kipande cha utumbo mwembamba, sentimita tatu hivi. Unakifunga uzi huku na huku, unakining'iniza ndani ya bomba la kioo lenye maji ya Tyrode, yaani maji yenye chumvi kadhaa na sukari kidogo, yakiwa na joto la nyuzi 37. Hewa inabubujika kutoka chini. Uzi wa juu umeunganishwa na kifaa cha kuchora.

Unasubiri. Sungura hayupo, ubongo wa kuamuru haupo, lakini kile kipande kinaanza kujikunja na kujikunjua chenyewe, kwa mwendo wake, na mstari unapanda na kushuka kwenye karatasi. Ukidondosha asetilikolini, kinajikaza na mstari unaruka juu. Ukikisuuza ukadondosha adrenalini, kinalegea. Ukitanguliza atropini, ile asetilikolini iliyokuwa ikitamba dakika chache zilizopita inakuta vipokezi vimeshakaliwa, mstari haushtuki. Wanafunzi waliokuwa wakisinzia darasani wanasogea, wanabonyea mbele ya kioo, mmoja anasema "Mungu mkubwa" kwa sauti ya chini. Hapo huwa najiambia mjomba angeona hili angenielewa.

Shida ni kwamba somo haliishii kwenye kushangaa. Inabidi uongeze dozi hatua kwa hatua, upime mwitikio wa kila hatua, uchore grafu, na grafu itoke umbo la S: mwanzo utumbo hausikii, katikati unapanda kwa kasi, mwisho hata ukimwaga chupa nzima haupandi tena. Vitabuni S inatoka imenyooka vizuri. Kwetu sisi tukifika katikati ya mlima umeme unakatika. Pampu ya hewa inanyamaza, maji yanaanza kupoa, utumbo unapunguza mwendo, na vijana kumi na kitu wanawasha tochi za simu kuumulika, kana kwamba kinachoukera ni giza.

Fundi sanifu wetu, mzee ambaye hana shahada na ndiye anayejua kila kitu, huingia na birika la maji ya moto, anatia kidole, anatazama, anasema, "Huo umeshaaga." Kisha anaanza habari za zamani, walipokuwa wakichora kwa kaimografu, lile pipa linalozunguka lililobuniwa na Mjerumani Carl Ludwig mwaka 1847. Walivika pipa karatasi, wakaipaka masizi, sindano ikakwangua mstari mweupe juu ya weusi. "Tulilijaza ufunguo kama saa ya mezani," anasema. "Umeme wa nini?" Mikono ilikuwa ikitoka myeusi hadi viwikoni, lakini S ilikuwa inatoka.

Ripoti zinapokusanywa, huwa hakosekani kijana mwenye S safi kuliko wote. Ukimfuatilia utagundua aliichora bwenini usiku wa kuamkia zoezi, sungura akiwa bado anakula majani. Huyo ndiye anayepata alama za juu, na nina hakika siku moja atakuwa bosi wangu.

Vitabu nisivitaje sana. Kile kikubwa kinachoitwa Goodman na Gilman kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1941, kina kurasa zaidi ya elfu moja, na nakala ninayoazima imechanwa sura ya dawa za moyo na mtu ambaye natumaini si daktari wa moyo. Mwaka huohuo wa 1941 bwana Gilman alipata mtoto wa kiume, akampa jina la mwandishi mwenzake: Alfred Goodman Gilman. Mtoto akakua, naye akaingia kwenye famakolojia, na mwaka 1994 akatwaa Nobel pamoja na Martin Rodbell kwa kugundua protini zinazopokea ujumbe kutoka kwenye vipokezi na kuufikisha ndani ya seli. Hao ndio watu tunaoshindana nao. Mimi nilipewa jina la babu aliyeendesha lori la mkonge.

Kuna pia kukariri. Dawa zina koo, na kila ukoo una mkia wake wa jina: propranololi, atenololi, bisoprololi, metoprololi, kaptoprili, enalaprili, lisinoprili, losartani, valsartani, telmisartani. Nazisema kwa sauti, usiku, macho nimeyafumba, maana ndivyo zinavyoingia. Mwenzangu wa chumba anasoma uchumi, ni mtu mwenye adabu zake. Alivumilia muda mrefu, hadi usiku mmoja alikaa kitandani akaniuliza kwa upole kama nina shehe ninayemwamini, au anitafutie.

Sasa mtu akishapita kwenye moto wote huo, si ana haki ya kujua panadoli inafanyaje kazi? Parasetamoli ilitengenezwa karne ya 19. Wameimeza bibi zako na wajukuu zako. Siku ya mhadhara nilikaa kiti cha mbele, kalamu mkononi. Mhadhiri akasema wengine wanadhani inazuia kimeng'enya fulani kwenye ubongo, wengine wanadhani inabadilishwa mwilini kuwa kitu kingine ambacho ndicho kinachotuliza, na ushahidi upo wa huku na wa huku, lakini maelezo kamili bado yanabishaniwa. Kisha akafunga kompyuta akaenda kunywa chai. Inayojulikana vizuri ni njia yake ya kuua ini ukizidisha: kwa mtu mzima mwenye afya, gramu nne kwa siku ndiyo mwisho, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Kwa hiyo nikirudi nyumbani naweza kukueleza kwa kina namna panadoli itakavyokudhuru, ila namna itakavyokuponya kichwa ndiyo bado tunaitafuta. Jaribu kumwambia hayo mtu anayeumwa kichwa.

Kwetu ni Muheza. Ukishuka kwenye basi kutoka chuoni unakuta wameshajipanga.

Shangazi ndiye hufungua kikao. Ana malaria, amepimwa zahanati, amepewa dawa ya mseto, ile ALu ambayo nchi yetu ilianza kuitumia mwaka 2006. Vidonge ishirini na nne kwa mtu mzima: vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu. Amemeza vya siku moja na nusu, homa imeshuka, vilivyobaki amevitia kwenye bakuli la udongo kabatini "vya mwaka kesho". Namwambia shangazi, humo ndani mna dawa mbili. Artemetha inaingia na fujo kama askari wa kutuliza ghasia, inapiga vimelea vingi kwa haraka, na baada ya saa chache imeshaondoka mwilini. Lumefantrini ndiyo mgambo anayebaki siku kadhaa kuwasaka waliojificha. Ukikatisha dozi unawaachia hao waliojificha. Tena lumefantrini inapenda mafuta, haifyonzwi vizuri bila chakula chenye mafuta.

Shangazi akanitazama kwa huruma. "Kwa hiyo malaria inataka chapati."

"Si malaria, shangazi, ni dawa."

"Mimi nilijua tu. Chakula cha bweni kimemshinda mtoto wa watu, sasa anatafuta chapati kwa njia ya dawa."

Zikapikwa. Nilikula. Lakini heshima haikuongezeka.

Baba mkubwa yeye ana presha, anatumia dawa za jamii ya nifedipini, na kila asubuhi lazima ale balungi. Muheza tuna machungwa na ndugu zake wote. Kumkataza mtu balungi ni kumkataza hewa. Nami nilishasoma habari ya balungi. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada, akina David Bailey, walikuwa wakichunguza kama pombe inaingiliana na felodipini, dawa ya presha. Ili wajaribiwa wasijue nani kapewa pombe na nani hakupewa, wakaificha ladha yake kwa maji ya balungi. Dawa ikapanda kwenye damu za watu kupita matarajio yote, hata kwa wale wasiopewa pombe. Kumbe balungi lilikuwa linakizuia kimeng'enya kwenye ukuta wa utumbo ambacho kwa kawaida huivunja sehemu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu. Ugunduzi mkubwa, na wenyewe walikuwa wanatafuta kitu kingine kabisa.

Nikamsimulia baba mkubwa yote hayo, baada ya shikamoo na kuulizana habari za mashamba. Nikamwomba sana, angalau akamwulize daktari wake. Alikuwa na nusu balungi mkononi. Akalimaliza, akajifuta, akawageukia wengine.

"Tumeuza ng'ombe, tumemsomesha," akasema, "ili aje kutukataza matunda."

Kicheko. Na baba mkubwa akikamata uwanja hauachii. Akaniuliza kama najua Amani, kule juu milimani. Nani wa Muheza asiyeijua Amani? Wajerumani waliweka taasisi yao ya utafiti pale mwaka 1902, wakapanda kila aina ya mti, ikiwemo mikwinini, na Vita Kuu ya Kwanza ilipowakata na kwao wakatengeneza kwinini palepale kwa magome yake, ya kuwatibu askari wao malaria.

"Vita inapigwa, meli hazifiki, na dawa ikapikwa hapo mlimani," akasema baba mkubwa. "Wewe hakuna vita, una jenereta. Umepika ngapi?"

Nilitaka kumwambia kwamba jenereta ni la friza. Nikanyamaza.

Basi katika ukoo wetu mtaalamu wa dawa si mimi. Ni dada wa duka la dawa muhimu hapo njia panda. Maduka ya namna hii yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, ili yachukue nafasi ya yale ya dawa baridi, na wauzaji wake wakapewa mafunzo. Mimi binafsi nayatetea, maana kwa watu wengi hospitali iko mbali na duka liko hapo. Wala sina kinyongo na dada. Nilikwenda siku moja nikakaa kwenye benchi nikamtazama kazini. Mteja anaingia, anasema tumbo. Dada anauliza: limeanza lini, unaharisha, umetumia dawa gani nyingine, una mimba? Ni maswali yaleyale ninayouliza mimi sebuleni na kuambiwa nazunguka mbuyu. Anayauliza yeye, watu wanajibu wamenyooka kama wako mbele ya hakimu.

Nimefikiri sana tofauti iko wapi, nikaona ni kaunta. Dada ana kaunta ya kioo, nyuma yake rafu, na mwisho wa maswali mkono wake unakwenda mahali na kurudi na kitu. Mimi mwisho wa maswali mkono wangu unabaki palepale ulipokuwa.

Sasa juzijuzi mama kanipigia usiku. Kuku wanakufa. Wanaharisha kijani, wengine shingo zimepinda wanazunguka uani.

"Mama, hicho ni kideri," nikamwambia. "Kinaletwa na virusi. Dawa yake hakuna. Kuna chanjo ya tone la jicho, walitakiwa waipate kabla."

Akanyamaza kidogo. "Miaka yote hiyo unasoma dawa, na hakuna dawa."

"Kwa kideri hakuna, mama."

"Haya, mwanangu. Soma."

Asubuhi alikwenda njia panda. Sikuambiwa alipewa nini, nikiuliza najibiwa "vidonge". Akavisaga, akachanganya na shubiri na pilipili, akawanywesha. Wengi wakafa. Watatu wakapona. Nikapiga simu kueleza kwamba kwenye kideri huwa wapo wanaopona wenyewe, hivyo kupona kwao hakuthibitishi chochote. Ili tujue ingebidi kuwagawa makundi mawili, hawa wapewe vidonge, hawa wasipewe, halafu tulinganishe.

"Niwanyime dawa makusudi?"

"Nusu yao tu, mama. Ndivyo tunavyofanya."

"Kuku wangu?"

Habari imeshazunguka ukoo mzima, hadi Korogwe, kwamba huko chuo kikuu nafundishwa kuwanyima wagonjwa dawa nione watakavyokufa. Tetea mmoja kati ya wale watatu, shingo yake bado imeelemea kushoto, amepewa jina la dada wa duka, na ameanza kutaga. Nami kikao kimeamua likizo ijayo nikakae pale njia panda wiki mbili, nifagie, nipange maboksi, nimtazame dada anavyofanya, pengine kuna kitu kitaingia. Mjomba amesema nauli atatoa yeye.